Doa la Mafuta na Njia ya Mwanga

Watoto wengi hukaririshwa makundi matatu: vitu vinavyopitisha mwanga vizuri, vinavyopitisha kiasi, na visivyopitisha kabisa. Yanafaa kuanzia, ila yakifundishwa kana kwamba kila kitu kimezaliwa na kundi lake, yanapotosha. Chukua karatasi nyeupe iliyofungiwa maandazi, uielekeze dirishani: penye doa la mafuta panang'aa kuliko pakavu. Ilaze mezani, na doa lile lile linaonekana limefifia kuwa jeusijeusi. Karatasi haikugeuka kioo. Ndani yake mna nyuzi na hewa katikati, na mwanga kila unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye uzi hupinda na kutawanyika. Weupe wa karatasi unatokana na hilo. Mafuta hujaza nafasi za hewa, na kwa kuwa mwendo wa mwanga ndani yake unakaribiana na ule wa ndani ya nyuzi, mtawanyiko hupungua na mwanga mwingi zaidi hupenya.

Walimu wengine watasema mtihani unadai makundi, si mafuta. Kweli, na muda wa kipindi ni mfupi. Lakini jaribio hili ni la dakika chache (andazi lenyewe bado linalika), na aliyeliona hatayasahau makundi. Tena ataweza kueleza kwa nini barafu angavu ikipondwa huwa nyeupe.