Mashini Ifanye Kazi Tukilala, Lakini Tusiibie Mwanamuziki



Wengi wetu tuko na diplome mu kabati na ordinatere ya zamani juu ya meza. Kazi hatujapata. Muziki tunaupenda, na mega ni za bei. Leo tunaeleza namna mashini inaweza kushusha nyimbo yenyewe kutoka orodha za intaneti, usiku, sisi tukilala.

Tunatumia Linux, juu ni ya bure na haichoshi ordinatere ya zamani. Programu tunazotumia ni hizi: yt-dlp inashusha, ffmpeg inageuza sauti kuwa mp3. Andika viungo vya orodha zako mu fishie moja, kila kiungo mstari wake. Kisha:

yt-dlp -a orodha.txt -x --audio-format mp3 --download-archive tayari.txt

Ile -x inaomba sauti peke yake, si video. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu mega moja kwa dakika. Wimbo wa dakika 4, mega 4 hivi.

Tayari.txt njo daftari ya mashini: inaandika kila wimbo ulioshuka. Sisi wenyewe tuliisahau mwanzoni. Tulikuwa tunahamisha nyimbo kwenye flashi. Usiku mashini haizioni, inazishusha tena. Mega za mwezi ziliisha siku tatu!

Kwa saa, andika crontab -e, weka 0 2 * * * mbele ya komande: saa nane za usiku, kila siku. Ila cron haikumbuki deni. Mashini ikiwa imezimika saa ile, usiku umepita bure. Kwa sisi wa umeme wa kukatikakatika, anacron ni bora: mashini ikiwaka, inafanya kazi ya siku iliyobaki.

Sasa neno gumu. Tulipoonyesha hii kazi mara ya kwanza, kijana mmoja mwimbaji alisimama: “Mukishusha nyimbo zangu hivi, miye nitakula nini?” Tulinyamaza. Tunalalamika kila siku kama jasho letu halilipwi, na tulikuwa tunamufanyia vile vile.

Programu yenyewe si mwizi. Mwaka 2020, RIAA, shirika la makampuni ya muziki ya Marekani, iliomba GitHub iondoe youtube-dl, mama ya yt-dlp. Iliondolewa Oktoba, ikarudishwa Novemba. Lakini masharti ya YouTube yanakataza kushusha bila ruhusa, na Kongo iko na sheria ya haki za watunzi tangu 1986.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Mu orodha yetu munaingia nyimbo ambazo wenyewe wameruhusu, kama zile za leseni ya Creative Commons, na za wanamuziki wa kartie waliotupa ruhusa kwa maandishi. Zingine tunasikiliza pale pale zilipo. Yule kijana alituruhusu nyimbo sita, kwa sharti jina lake libaki kwenye kila fishie na tulipe mulango kwenye konseri yake. Tulilipa.

Nani iko na ordinatere inayolala nyumbani, ailete. Tutaiwekea Linux pamoja, na kila mumoja ataandika komande kwa mikono yake.