Hisa za Mashine za Akili, na Akiba Yetu
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa karakana



Tumepewa dakika chache kabla ya hesabu kusomwa, nasi twazitumia kusema juu ya jambo ambalo limekuwa maneno ya kila siku hapa karakana: hisa za kampani zinazotengeneza mashine za akili, yaani akili bandia. Baadhi yenu mmeleta ombi kwamba sehemu ya akiba ya sacco yetu inunue hisa hizo. Wengine hamkungoja, mmekopa na kununua wenyewe kwa simu.

Hatukuja kuwacheka. Mashine hizi ni za kweli. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi wa Novemba 2022, watoto wetu wenyewe huiuliza maswali ya masomo. Kampani ya Marekani iitwayo Nvidia, iliyoanzishwa 1993 na kujulikana kwanza kwa vifaa vya michezo ya kompyuta, ndiyo inayobuni chipu ambazo mashine hizo zahitaji kwa maelfu. Katika Oktoba 2025 thamani ya hisa zake zote ilifika dola trilioni 5, na hakuna kampani iliyofika hapo kabla yake. Basi asemaye kwamba huu ni upepo mtupu, hatukubaliani naye.

Lakini kitu kuwa cha kweli hakuifanyi bei yake kuwa ya haki, na sisi watu wa reli yafaa tulijue hili kuliko wengine, kwa sababu lilitokea kwa reli yenyewe. Njia ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830, ikachukua abiria wengi, ikatoa faida. Wenye fedha wakaona, na wasio na fedha wakaona pia. Kufika 1845 Uingereza nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya hisa za reli: makasisi, wajane, makarani, wenye maduka. Nao walikuwa na desturi moja ya hatari. Mtu aliweza kupata hisa kwa kulipa sehemu ndogo tu, mara nyingi moja katika kumi, na kampani ilikuwa na haki ya kudai salio baadaye. Katika 1846 peke yake Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 200 za njia mpya. Kisha madai ya salio yakaanza kuja, moja juu ya jingine. Watu wakauza ili wapate kulipa, na kwa kuwa wengi walikuwa wakiuza, bei zikaanguka. Kufika 1850 hisa za reli kwa jumla zilikuwa zimepoteza zaidi ya nusu ya bei yake. Kama theluthi moja ya njia zilizokubaliwa hazikujengwa kamwe. Na bwana George Hudson, aliyeitwa Mfalme wa Reli, akagunduliwa mwaka 1849 kwamba alikuwa akiwalipa wenye hisa gawio kutoka katika mtaji wao wenyewe.

Na reli? Reli zilibaki, na garimoshi zapita juu ya nyingi za njia hizo hata leo. Abiria alifika, makaa yakasafirishwa. Aliyeachwa stesheni ni yule aliyenunua kwa fedha asizokuwa nazo. (Reli yetu ya Mombasa mpaka Kisumu, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ilikuwa kwa fedha za serikali ya Uingereza, si kwa hisa za watu, hayo ni maumivu mengine.)

Sasa tuje kwetu. Mwenzetu mmoja, naye ametupa ruhusa ya kusema, alikopa ushirikani na watatu kati yetu tukamdhamini. Mapema Januari 2025 alinunua hisa sita za Nvidia, bei ikiwa karibu dola 149 kila moja. Tarehe 27 mwezi ule ule ilienea habari kwamba kampani ya China, DeepSeek, imetengeneza mashine ya akili kwa gharama ndogo. Watu wakaogopa kwamba chipu hazitauzwa kama zamani. Soko la New York hufunguliwa majira hayo saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu, ndipo tunapotoka kazini. Kabla ya kulala hisa ilikuwa imeshuka kutoka dola 142 za siku ya soko iliyotangulia hadi 118. Mkopo ulikuwa umekwisha anza kukatwa kwenye mshahara, na ada ya mtoto ilikuwa haijalipwa. Akauza usiku ule ule, akapungukiwa na shilingi zaidi ya 20,000.

Mwajua lililofuata. Kufika Oktoba hisa ile ilikuwa imepita dola 200. Kumbe hakukosea juu ya mashine. Alikosa nafasi ya kungoja, maana fedha zilikuwa na tarehe yake na wadhamini wake.

Wazee watakumbuka Safaricom mwaka 2008. Hisa iliuzwa kwa shilingi 5, wengi wakakopa benki ili wapate nyingi, na mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Baadaye ilipanda sana, lakini benki haikungoja.

Mzee wetu wa mabehewa alitujibu kwa habari ya yule mtumwa aliyefukia talanta. Ni neno zuri, lakini mtumwa yule hakuwa amekopa talanta kwa udhamini wa majirani. Mwenye ziada yake baada ya ada, chakula na kodi, na anunue, mradi muuzaji awe na leseni. Anayeahidi kwamba fedha zitakuwa maradufu kwa mwezi hauzi hisa hata kidogo.

Kijana mmoja aliuliza: bila hisa, faida ya mashine hizi sisi tutaionaje? Swali hili ni kubwa. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kwamba vijana wa Nairobi waliosafisha maneno machafu kwa ajili ya ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwezi wa Mei mwaka ule, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura waunde chama chao. Kijana aanzie hapo kuuliza.

Kamati yapendekeza ombi la kununua kwa akiba ya ushirika likataliwe, nanyi mtapiga kura baada ya hesabu. Maombi ya mikopo ya mwezi huu yako mezani kwa katibu. Manne yameandikwa neno "biashara" tu. Walioyaandika waje kabla ya Ijumaa tuyasome pamoja, na wadhamini wao waje pia.