Tumpeleke Mwenzetu Chuo Kikuu?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa wanachama wa Thika na Ruiru)



Halmashauri ya tawi iliniagiza nichungulie jambo moja: kama inafaa fedha ya mfuko wa elimu itolewe kumsomesha mwanachama katika chuo kikuu, asome ule usimamizi wa wafanyakazi unaoitwa siku hizi usimamizi wa rasilimali watu kwa mkakati. Wengine walicheka. Walisema hiyo ni elimu ya tajiri, sisi itatufaa nini? Mimi shule yangu ni ya msingi, ya misheni, na Kiingereza nakisoma na kamusi mkononi. Lakini mwenzetu wa kiwandani anayesoma siku za Jumamosi aliniazima madaftari yake kwa majuma mawili, akakaa nami jioni tatu akinieleza. Nitasema niliyoyaona.

Kwanza jina lenyewe. Rasilimali ni neno la dukani, ile fedha mtu anayoanzia biashara. Sasa na sisi tumetiwa humo, ingawa sijapata kuona fedha ikigoma. Zamani aliyetushughulikia ofisini aliandika majina, akagawa likizo na kusikiliza kesi. Siku hizi, mahali pengi, huyo anakaa meza moja na wakurugenzi. Ameshika mpango wa miaka mitano, anauliza: mashine mpya ikija, tutataka watu wangapi? Wangapi watastaafu? Kazi ipi tuwape mawakala wa vibarua? Huo ndio mkakati. Sisi tunapata habari siku karatasi inapobandikwa ubaoni, kumbe jambo lilianza kupikwa miaka mitatu nyuma.

Watu wa reli tunalijua hilo. Njia yetu ilifika Thika mwaka 1913. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, na mwaka 2017 mkataba ukakatizwa. Mwaka huohuo reli mpya ya Mombasa na Nairobi ikafunguliwa. Mabadiliko ya namna hii huanza katika karatasi za kuhesabu watu, kabla hayajafika kwa gengi linalobadilisha mataruma.

Katika madaftari nilikuta habari za vitabu viwili vya Marekani, vyote vya mwaka 1984. Kimoja ni cha Fombrun, Tichy na Devanna, na mafundisho yake huitwa ya Michigan. Hao wanasema kampuni ikiisha kuchagua njia yake, watu wachaguliwe, wapimwe, walipwe na wafundishwe kufuatana na njia hiyo. Kwa maneno yangu mimi, mtu ni behewa: akifaa kwa safari afungwe, asipofaa akatwe abaki kando. Kitabu cha pili ni cha Beer na wenzake wa Harvard. Hicho kimechora ramani ya wote wanaohusika na mambo ya kampuni: wenye hisa, mameneja, wafanyakazi, serikali, watu wa mji, na vyama vya wafanyakazi. Hapo nilimwomba mwenzangu anionyeshe tena. Basi katika kitabu wanachofundishwa mameneja wenyewe tumewekewa kiti! Sisemi Harvard wanatupenda. Nasema meneja aliyesoma kitabu hicho hawezi kutuambia kwamba chama ni mgeni katika mambo haya, kama tuna mtu wa kumkumbusha.

Sasa sheria. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana vizuri. Haki hiyo tunayo. Haya, chukulieni mwajiri ametii, ameleta hesabu za mwaka, kurasa arobaini. Tutafanya nini nazo? Tutaitazama picha ya mkurugenzi, halafu tutadai asilimia ileile tuliyokuja nayo mfukoni.

Tena iko Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, kifungu cha 40, juu ya kupunguzwa kazi. Chama kipewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, pamoja na sababu. Malipo ya kuachishwa yasipungue ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Hayo wengi wenu mnayajua. Lakini angalieni watu wanavyochaguliwa: hutazamwa urefu wa utumishi, na pia ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mmoja. Ujuzi na uwezo huo mwajiri atauonyesha kwa karatasi gani? Ni ile fomu ya kupimwa kazi kila mwaka, ambayo wengi wetu tunaitia sahihi bila kuisoma kwa kuwa gari linangoja nje. Aliyesoma usimamizi anajua fomu ile imetengenezwa kwa nini. Sisi tunadhani ni karatasi ya likizo.

Sasa neno zito. Mzee mmoja aliniambia: mkimsomesha kijana kwa fedha yetu, akipata digrii atavaa tai, akae upande ule wa meza. Hofu hiyo si ya bure. Tangu sheria ya mwaka 2012 kazi hii ni taaluma ya kuandikishwa, na cheti chake kina bei sokoni. Kwa hiyo nashauri tuwapeleke wawili, si mmoja. Wawe watu waliokwisha kuwa wawakilishi wa wenzao kazini. Watie sahihi kukitumikia chama miaka minne au warudishe karo. Na kila mwezi waandike kwa Kiswahili, katika gazeti hili, yale waliyofundishwa. Hata mmoja akihama, maandishi yatabaki kwetu.

Vyuo haviko mbali. Thika kuna Mount Kenya University, iliyopata hati yake mwaka 2011. Juja, kati yetu na wenzetu wa Ruiru, kuna chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, na Ruiru yenyewe kuna Zetech. Kila siku tunapita karibu na milango hiyo ndani ya matatu. Lakini asiye na cheti cha kidato cha nne ajue njia yake ni ndefu: mtihani huo kwanza, halafu cheti, halafu diploma, ndipo digrii.

Barua zimfikie katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Zionyeshe miaka ya kazi, cheti cha mwisho na zamu unayofanya, maana tutalazimika kumwomba mwajiri ruhusa ya saa za masomo. Akina mama pia mwandike. Viwandani ninyi ni wengi, na katika halmashauri yetu yumo mmoja tu.

Sasa ulizeni.