Rangi za ekipe ni za nani?



Tuko hapa juu ya rangi za ekipe ya koleji. Wengine wanasema zibadilishwe, maana zilichaguliwa na wamisionari wakati wa ukoloni. Wengine, zaidi wale waliomaliza zamani, wanasema hapana: baba alivaa, mtoto naye avae. Tunasikia pande zote mbili. Lakini kuna mtu wa tatu: yule anayeleta jezi za bure, mradi ziwe na rangi ya chama chake. Huyo ndiye anatuhangaisha.

Tuangalie nchi yetu. Mwaka 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi na bendera, ikawa kijani. Kombe la Dunia 1974, Léopards walivaa kijani na manjano. Mobutu alipoanguka 1997, bendera ya buluu ikarudi, na Léopards wakaitwa Simba. Nani aliuliza wachezaji? Nani aliuliza raia? Rangi ilifuata kiti. Bendera ya leo, angalau, iko katika Katiba ambayo wazazi wetu waliipigia kura ya referandumu Desemba 2005.

Tena kumbukeni tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika. Wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kichwani kama bunduki, juu ya watu wanaouawa huku Mashariki. Tulifungwa 1–0, lakini dunia iliona. Jezi ni mdomo wa ekipe. Ukiuza jezi, umeuza na mdomo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Wanafunzi, wavulana na wasichana, wakutane na walimu na wanafunzi wa zamani, halafu wapige kura ya siri.
2. Bei ya jezi isomwe mbele ya wote.
3. Franga zitoke kwa mchango wetu, hata kidogo kidogo, si kwa mwanasiasa.

Kura ikisema rangi za zamani zibaki, zibaki. Ikisema zibadilike, zibadilike, na aliyeshindwa aje uwanjani kushangilia.

Kijana anayechagua mwenyewe rangi ya ekipe yake leo, kesho hatanunuliwa kwa fulana na kofia ya kampeni.