Mwenye Nyumba Abaki au Aondoke?

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida letu.)



Nimepewa nusu saa, na najua baada yangu ni chai, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Tangu sharika zetu za mjini zianze kusaidia vikundi vya akina mama na vijana wanaofanya usafi wa majumbani kwa mkataba, kuna swali linalonifuata kila ninapokwenda. Watu hawaulizi sana bei, wala aina ya sabuni. Wanauliza: "Mratibu, hawa watu wakija kusafisha nyumba yangu, mimi nibaki au niondoke?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini, pembeni, baada ya ibada.

Naelewa kwa nini swali hili linatusumbua. Nyumba zetu kwa kawaida hazibaki tupu. Yupo bibi, yupo dada wa kazi, wapo watoto wa ndugu, na getini yupo mlinzi. Mgeni akija, mwenyeji haondoki. Dada wa kazi naye tumemzoea. Anajua sukari ilipo na anajua mtoto yupi hali maharage. Lakini hawa wa mkataba wanakuja watatu na ndoo zao saa mbili asubuhi, na saa saba mchana wameshaondoka. Hatuwezi kuwaita wageni, na watu wa nyumbani si wao. Hatuna desturi iliyo tayari kwa ajili yao, na pale ambapo desturi haipo, hofu huingia.

Msimamo wetu ofisini ni huu. Mwenye nyumba awepo mwanzoni, kwa muda wa kama nusu saa, na awepo mwishoni. Hapo katikati aondoke, au kama anabaki, akae mahali pamoja na kuwaacha watu wafanye kazi. Nyumba yenye mgonjwa, mzee sana au mtoto mdogo isiachwe bila mtu wake.

Hilo la mtoto nalisisitiza. Mama anakuja mlangoni na mkoba begani, anasema, "Mwangalieni kidogo huyu, nafika sokoni mara moja." Msafishaji hakuja kulea. Sakafu imelowa, ndoo ya maji ya dawa iko chini, ngazi imesimama dirishani. Mtoto akiteleza, au akitumbukiza mkono katika ndoo, lawama ni ya nani?

Nusu saa ya mwanzo ina kazi yake. Mwenye nyumba azunguke na kiongozi wa kikundi chumba kwa chumba, aonyeshe kiti kilicholegea mguu, kioo chenye ufa, bomba lisilofunga vizuri. Chumba asichotaka kiguswe akifunge kwa ufunguo. Fedha, vito na nyaraka aziweke mahali pake mwenyewe kabla wageni wa kazi hawajaingia, maana hiyo ni heshima kwa pande zote mbili. Pia ahakikishe kuna maji na kuna umeme. Kikundi kimoja kilikaa kibarazani saa nzima kikimsubiri mwenye nyumba arudi na namba za LUKU, na jioni akalalamika kuwa kapeti halikukauka.

Kuhusu kubaki na kusimamia, semeni nami kwa uwazi: wengi wetu tukibaki, tunasimama nyuma ya mtu. "Pale bado. Rudia hapa. Anza na jiko." Wafanyakazi hawa wamefundishwa kuanza juu na kushuka chini, kuanza chumba cha mbali na kumalizia mlangoni, kufuta vumbi kabla ya kupiga deki. Ukiwageuza katikati, vumbi la feni linashukia sakafu iliyokwisha kupigwa deki, na kazi inafanywa mara mbili. Halafu kuna chai. Ukarimu ni jambo jema na sitausema vibaya mbele ya Wazee wa Kanisa, lakini chai ya mwenyeji pamoja na mazungumzo yake hugeuza kazi ya saa nne kuwa ya saa sita. Mapatano yalikuwa ya kazi ya saa nne. Saa mbili zilizozidi zimelipwa na yule mama ambaye alitakiwa awe nyumba ya pili saa nane.

Sasa nifike mahali penyewe, maana watu wanaouliza kama wabaki au waondoke mara nyingi wana neno lingine moyoni. Wanauliza, "Je, wataniibia?"

Sitasema kwamba wizi haupo. Upo, na ndiyo sababu kila mwanakikundi anatambulishwa kwa barua ya usharika na ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi. Lakini naomba kamati zitazame pia upande wa pili wa swali. Msafishaji akiiba, mwenye nyumba anapoteza kitu. Msafishaji akisingiziwa, anapoteza kazi, jina, na mara nyingine nafasi yake katika jumuiya.

Katika mtaa mmoja wa sharika zetu, akina mama watatu walisafisha nyumba wakati mwenyewe yuko kazini. Jioni alipoirudia nyumba yake hakuiona pete. Hakuwauliza. Alilisema katika jumuiya, kama ombi la maombi. Kabla ya Jumapili ya pili, nyumba tatu zilikuwa zimesitisha mkataba, na mmoja wa wale akina mama alimtoa mwanawe shule ya bweni kwa kukosa ada. Baadaye pete ilionekana katika mfuko wa koti. Mwenye nyumba alipiga simu kwa kikundi akaomba radhi, na namheshimu kwa hilo. Lakini simu ilikwenda kwa kikundi tu. Jumuiya haikuambiwa. Zile nyumba tatu hazijarudi.

Vijana wetu wa kipaimara wanaikariri Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Luther hakuishia kutukataza kumsema jirani kwa uongo. Alitaka pia tumtetee, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio mwema. Sisi Walutheri tunaisoma amri hiyo mara baada ya ile ya wizi, na nadhani ni vizuri kwamba zimekaa jirani.

Tazameni pia Mwanzo 39. Tumezoea kuihubiri habari ya Yusufu kwa vijana, kuhusu usafi wa moyo. Isomeni tena kama habari ya mfanyakazi. Bwana wake alikuwa amemwachia vyote. Siku ile aliingia nyumbani kufanya kazi yake, na Maandiko yanaeleza kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa nyumba ile mle ndani. Alikimbia akaacha vazi mikononi mwa mke wa bwana wake, na vazi hilo likawa ushahidi dhidi yake. Hatusomi popote kwamba Potifa alimwuliza Yusufu neno. Alimtia gerezani.

Basi, yale tunayoyaogopa kwa upande wetu, mfanyakazi naye anayaogopa kwa upande wake, na sababu zake ni nzito zaidi. Yeye yuko peke yake ndani ya kuta za mtu mwingine. Wasichana wetu wameniambia kwamba nyumba wanayoiogopa kuliko zote ni ile ambayo mama ameondoka na baba amebaki, au baba amerudi mchana "kuchukua faili". Sitaeleza zaidi, wahusika wengine ni waumini wetu. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, na mkataba huo unahesabu mahali pa faragha kuwa mahali pa kazi iwapo kazi inafanyika hapo. Sebule yako, kwa zile saa nne, ni mahali pa kazi pa mtu.

Kwa sababu hiyo vikundi vyetu havimtumi mtu mmoja. Wanakwenda wawili au zaidi, hata kwa nyumba ya vyumba viwili. Najua linapandisha gharama. Mfadhili mmoja aliponiuliza kwa nini bajeti ina watu wawili kwa kazi anayoiweza mmoja, nilimjibu kwamba wa pili ni shahidi. Ni shahidi wa mfanyakazi, na ni shahidi wa mwenye nyumba pia. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Sisemi alikuwa akifikiria kupiga deki, lakini busara ni ile ile. Nawaomba wahisani mstari huo wa bajeti msiuguse.

Na kikipotea kitu? Kwanza kitafutwe. Kisha kiongozi wa kikundi aitwe siku hiyo hiyo, na wahusika waulizwe mbele yake, kwa adabu, wakiwa na nafasi ya kujibu. Hakuna kupekua mikoba ya watu mlangoni mbele ya majirani. Ikionekana kuna wizi, polisi wapo. Jumuiya ni mahali pa sala, na jina la mtu lisipelekwe huko kama habari.

Kuna jambo la kukata fedha pia. Sahani imevunjika, mwenye nyumba anazuia malipo yote ya siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara kirahisi hivyo: lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, awe amepewa nafasi ya kujieleza, makato yasizidi thamani halisi ya kitu, na jumla yake isizidi robo ya mshahara. Vikundi vyetu vinalipwa kwa mapatano ya kazi, lakini tumeichukua kanuni hiyo ya robo na kuiandika katika fomu yetu ya mapatano. Kuhusu kulipa siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, someni Kumbukumbu la Torati 24, aya ya 14 na 15. Imeandikwa kwa ajili yetu sisi wenye nyumba.

Niseme kwa kifupi juu ya dawa, kwa kuwa hapo kuwepo au kutokuwepo kwa mwenye nyumba ni suala la afya. Dawa nyingi za kusugulia choo zina asidi. Zikichanganywa na jiki hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na kifua na inayoweza kuua katika choo kidogo kisicho na dirisha. Wafanyakazi wetu wamefundishwa kutochanganya. Tatizo ni mwenye nyumba aliyemwaga jiki chooni usiku "ili kuwasaidia", kisha akaondoka bila kusema. Waambieni mlichomwaga. Na ile tabia ya kuweka mafuta ya taa au dawa katika chupa ya maji ya kunywa, tafadhali iishe. Mwenye pumu asiwepo nyumbani siku ya usafi mkubwa, na madirisha yabaki wazi mpaka sakafu ikauke.

Nusu saa ya mwisho mnaizunguka nyumba pamoja tena. Kilichosahauliwa kinasemwa hapo hapo na kinarekebishwa hapo hapo, wakati maji bado yapo katika ndoo. Kisha pande zote mbili zinatia sahihi, malipo yanatolewa, na mlango unafungwa. Mwenye nyumba asiyeweza kuwepo amteue mtu mzima wa nyumbani amwakilishe. Dada wa kazi asiteuliwe kimya kimya. Ameachiwa dhamana na hakuna aliyemwambia, na jambo likiharibika yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Ombi langu kwa kamati ni moja. Nyumba za wachungaji, hosteli na ofisi za sharika nazo zinasafishwa na vikundi hivi. Tuanze huko. Usharika ukichelewesha malipo ya kikundi miezi miwili, tutamwambia nini muumini anayechelewesha wiki moja?

Fomu ya mapatano iko mezani pale nyuma, ni ukurasa mmoja, nakala mbili. Nakala moja inabaki kwa mwenye nyumba, ya pili kwa kikundi. Wajumbe wa kila usharika wachukue za kutosha kabla ya kwenda kwenye chai, na maswali nitayapokea huko huko.