KIMEA: ELIMU YA MPIKA POMBE

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mngeta)



Nimeombwa niseme juu ya ufundi wa kutengeneza bia nyumbani. Naona baadhi ya wazee wamekunja uso kwa kuwa vijana wapo. Nawatoa hofu: sikuja kufundisha kunywa. Nimekuja kusema juu ya kimea, na kimea ni somo la kemia kabla hakijawa pombe.

Huko Uingereza mtu akitaka kupika bia nyumbani kwake hununua mkebe dukani. Ndani mna kitu kizito, cha rangi ya kahawia, kinachonata kama asali. Hayo ni maji yaliyolowekewa kimea cha shayiri, yakachujwa, kisha yakapunguzwa mpaka yakawa mazito hivyo. Huyachanganya na maji mengine, hutia hopsi, ambayo ni maua makavu machungu ya mmea utambaao, huchemsha kama saa moja, hupoza, hutia hamira na kufunika. Baada ya wiki moja au mbili hutia katika chupa, na kila chupa huipa sukari kidogo ili ipate povu. Mkebe wa kilo moja na nusu hivi, pamoja na kilo ya sukari, hutoa lita 23. Hadi 1963 Mwingereza alitakiwa leseni hata kwa bia ya kunywa mwenyewe. Wamarekani walipata ruhusa ya serikali yao kuu kwa sheria iliyotiwa sahihi mwaka 1978. Siku hizi huko ni burudani yenye vilabu vyake na mashindano yake. Nanyi vijana msidhani hamjaonja kitu hicho: Ovaltine na Milo zina asali hiyo hiyo ya kimea.

Sasa tujiulize, huyu mwenye mkebe amefanya kazi gani? Sehemu iliyo ngumu ilikwisha fanywa kiwandani. Sehemu hiyo mama zetu wa bonde hili huifanya kwa mikono yao. Huloweka ulezi au mahindi, huyatandaza na kuyafunika kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka yachipue, huyaanika, huyasaga. Punje inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha kuugeuza wanga kuwa sukari, kwa sababu mche mchanga hauna mdomo wa kula wanga. Mpika pombe humkatiza mche safari yake, akakichukua kile kimeng'enya kwa kazi yake mwenyewe. Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walikitoa katika kimea mwaka 1833 wakakipa jina. Mpikaji alikuwa akikitumia kabla ya hapo, bila jina.

Tena hujua joto lake. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri sana kwenye nyuzi 60 hadi 70 za sentigredi. Uji unaotokota hukiua. Ndiyo maana mama hasemi "tia kimea" mpaka uji umepoa kiasi. Hana kipimajoto, ana kidole.

Niseme jambo ambalo katika mikutano kama hii hatulisemi. Kabla ya ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kufutwa mwaka 2016, wako miongoni mwetu waliosomeshwa kwa mpunga, na wako waliosomeshwa kwa pombe. Mtungi wa mama ulilipa ada, ulinunua daftari, ulilipa nauli ya treni ya TAZARA. Leo mtu huyo huyo akipita karibu na kilabu cha pombe hugeuza uso. Mimi siwezi kumcheka mpikaji wakati elimu yangu ya kwanza ya kemia niliiona jikoni.

Lakini haki ni haki: mwenye mkebe anatushinda kwa mambo mawili. La kwanza ni hopsi. Pombe yetu huchachuka ikawa kali kwa siku mbili tatu kwa sababu bakteria wa uchachu hawana wa kuwazuia. Uchungu wa hopsi, ukichemshwa, huwazuia wengi wao, na bia hukaa miezi. Mmea huo hautupendi. Hutaka siku ndefu za kiangazi cha Ulaya ili utoe maua, na hapa petu mchana hauachani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima. Wachaga hutia katika mbege gome la msesewa, na Wahabeshi hutia majani ya gesho. Asije mtu akajaribu gome lolote alionalo Udzungwa! Msesewa wenyewe una dawa inayogusa shinikizo la damu.

La pili ni ubaridi. Hamira ya bia ya namna ile hupenda nyuzi 18 hadi 22, nasi bondeni mchana hupita 30. Hapo hamira hufanya kazi kwa haraka na kuacha harufu mbaya. Mwenye kutaka kujaribu na akizungushie chombo gunia bichi, akiweke palipo na upepo. Maji yakikauka hupoza, kama mtungi wa kunywea.

Hatari yenyewe iko kwenye ukungu. Kimea ni nafaka mbichi iliyofunikwa mahali pa joto, na ukungu hupenda hapo hapo. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, wala haionekani ndani ya pombe. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Kwetu mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kimea chenye madoa ya kijani au meusi kitupwe, hata kama ni debe zima na wateja wanangoja. Namjua mpikaji aliyekitupa, akalala na hasara. Mtama nao ukichipua hutengeneza sumu katika mizizi na machipukizi. Lazima vikaushwe na kupukutwa vyote. Tena pipa lililokuwa na dawa ya shamba lisiingie jikoni, hata lioshwe mara ngapi. Kuhusu gongo sina la kusema ila kwamba sipiki wala sinywi.

Kwa ninyi vijana ninayo kazi nyingine ya kimea. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Uji mzito haumezeki, mwepesi ni maji matupu. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kijiko cha unga wa kimea hulainisha uji mzito ukanyweka bila kupunguza chakula. Baadaye wakaonyesha kwamba watoto walionyweshwa uji uliochachuliwa waliharisha kwa uchache kuliko wenzao. Kwa uji wa mtoto utumike ulezi, si mtama, na kimea kikiisha tiwa uji urudishwe motoni uchemke tena.

Mwalimu wa kemia ameniazima meza. Mna vikombe viwili vya uji wa mahindi, tone la iodini, na unga wa kimea cha ulezi nilichokianika juzi. Kikombe kimoja tutatia kimea, kingine tutaacha, tungoje nusu saa. Kisichotiwa kitageuka cheusi kwa iodini. Hicho kingine njooni mkitazame wenyewe, kisha mniulize maswali.