Mhandisi Afunzwe Pia Kusema

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, Marekani, walionya kwa simu kwamba baridi ingedhoofisha mipira ya kuzibia viungo vya roketi za chombo cha anga cha Challenger. NASA, shirika la anga la Marekani, ikabisha, wakuu wa kampuni wakalegea, wakaidhinisha safari. Kesho yake watu 7 waliokuwemo wakafa.

Lawama ni ya wakuu, nasema bila kusita. Lakini mhandisi kijana anajifunzia wapi kumkabili bosi na kueleza hatari kwa lugha nyepesi? Vyuoni, somo la mawasiliano mara nyingi husomwa kwa ajili ya mtihani tu. Wahadhiri, mpeni mwanafunzi nafasi ya kutetea mchoro wa daraja mbele ya fundi, mhasibu na mwanakijiji atakayelivuka.